Namna ya Kuwa wa Mwisho Kileleni

Kuwa wa kwanza kileleni ni jambo rahisi: unakanyaga kwa nguvu mpaka mlima uishe. Kuwa wa mwisho kunataka maandalizi, nidhamu na heshima kwa mlima, ndiyo maana kunastahili mwongozo. Huu hapa, kwa ajili yako uliyelipia likizo ya baiskeli katika milima ya Pyrenees, upande wa Ufaransa, pamoja na watu ambao hujawahi kuwaona, kiongozi mmoja mbele, mwingine nyuma, na gari dogo la kubeba mabegi. Ninaamini kabisa kwamba nafasi bora katika msafara huo ni ya mkiani.

Anza na makaratasi. Ukitokea Nairobi au Dar es Salaam utahitaji viza ya Schengen, na viza hiyo haitoki bila bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000 kwa matibabu na kurudishwa nyumbani. Isome bima yako mpaka nukta ya mwisho. Kama haitaji baiskeli milimani, muulize wakala, naye akujibu kwa maandishi. Kisha funga pedali zako, viatu vyako, na kiti chako ikiwa mwili umekwisha kukizoea. Baiskeli yenyewe utaikodi huko huko. Kaptura ya baiskeli huvaliwa bila chupi. Nalisema hili mapema na kwa sauti, kwa sababu viongozi huona haya kulisema na wageni huona haya kuuliza, na siku ya tatu wote wanajuta.

Kwa mkodishaji, usitazame rangi. Hesabu meno ya gia. Unataka meno 34 mbele na 34 nyuma, ili pedali ikizunguka mara moja gurudumu nalo lizunguke mara moja na wewe usogee mita mbili na kidogo. Kutoka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan hadi kilele cha njia ya Tourmalet ni kilomita 17 hivi, yaani mizunguko kama 8,000. Ukizungusha mara 70 kwa dakika, utafika baada ya karibu saa mbili, ukiwa bado na magoti yako. Atakuwepo wa kuitazama gia yako na kutabasamu. Mwache. Amechagua gia ngumu za mashindano, na Tourmalet itazungumza naye kabla hajafika La Mongie.

Siku ya kwanza mnatoka Bagnères-de-Luchon kuipanda Peyresourde, mita 1,569. Katika kila kundi yumo mtu ambaye hakuja likizo; amekuja kama mdai anayefuata deni lake. Ataondoka kwa kishindo kwenye kona ya kwanza. Usimfuate. Asubuhi kiongozi alisema mpande kwa mwendo unaowaruhusu kuongea, nanyi mkamsikia kama mtu anayewahurumia wazee. Alikuwa anawafundisha hesabu. Ukienda taratibu mwili unachoma mafuta zaidi, na mafuta kila mtu anayo ya kutosha. Ukienda mbio unachoma sukari, na akiba ya sukari ni ndogo. Ikiisha, mwili unazima ghafla, mikono inatetemeka, kichwa kinakuwa chepesi, na kilele bado kiko kilomita tano juu yako. Kwa hiyo msimulie jirani yako kisa kirefu cha ukoo wenu. Kama unakatisha sentensi ili uvute pumzi, punguza mwendo. Na kila nusu saa tia kitu mdomoni, ndizi, mkate, tende, kabla njaa haijabisha hodi.

Barabara hiyo hiyo, kwa upande wa kushuka kuja Luchon, ndiyo aliyoitumia Chris Froome katika Tour de France ya mwaka 2016. Mzaliwa huyo wa Nairobi, aliyelelewa kimchezo na David Kinjah kule Kikuyu, aliwatoroka wapinzani wake kileleni, akakalia bomba la fremu, kifua juu ya usukani, miguu ikiendelea kukanyaga, akashinda siku hiyo na kuvaa jezi ya njano ya anayeongoza mashindano. Mtu wa Afrika Mashariki anayepita hapo ana haki ya kujivuna. Hana haki ya kumwiga. Mwaka 2021 shirikisho la baiskeli duniani liliupiga marufuku mkao huo hata kwa wanaolipwa kuhatarisha shingo zao.

Aspin, mita 1,489, ni mali ya ng'ombe. Wakiwa wamelala barabarani, pita pembeni, polepole, bila kupiga kelele.

Sasa umefika Sainte-Marie-de-Campan, na hapa ndipo wa mwisho anaanza kulipwa. Walio mbele wamepita kijijini bila kuinua macho. Wewe una kiongozi wa nyuma peke yako, hana haraka, na anajua kisa cha Eugène Christophe. Mwaka 1913, katika Tour de France, Christophe alikuwa akishuka Tourmalet uma wa mbele wa baiskeli yake ulipovunjika. Kanuni zilikataza msaada wowote. Akaibeba baiskeli begani na kutembea zaidi ya kilomita kumi hadi kijijini hapa, akaingia kwa mhunzi, akaufua uma kwa mikono yake, waamuzi wamesimama wakimtazama. Kisha wakamwadhibu, kwa kuwa mtoto mmoja alimsaidia kuvuta mivukuto. Kijiji kimeweka kibao cha kumbukumbu. Shuka, kisome. Mtu akikuambia unachelewesha kundi, mwonyeshe kibao.

Kwenye Tourmalet yenyewe, kila kilomita ina alama inayokuambia umefika urefu gani na kilomita inayofuata imeinuka kwa kiasi gani. Kundi la mbele huzisoma kama hati za mashtaka. Wewe zitumie kama vituo: kunywa, tazama nyuma, salimia kondoo. Ukichoka, tembea, na usiinamishe kichwa. Mara ya kwanza Tour ilipopita hapa, mwaka 1910, baiskeli hazikuwa na gia za kubadilisha na barabara ilikuwa ya mawe na tope. Siku hiyo walikwenda kilomita 326 kutoka Luchon hadi Bayonne, wakivuka Peyresourde, Aspin, Tourmalet na Aubisque. Octave Lapize aliisukuma baiskeli yake kwa miguu, akawaita waandaaji wauaji, akaendelea, na baada ya zaidi ya saa 14 akashinda. Mwezi huo huo akatwaa Tour nzima. Kutangulia si kufika, na kutembea si kushindwa.

Kileleni, mita 2,115, utawakuta wenzako wanatetemeka. Wamekaa kwenye upepo nusu saa na jasho limewagandia. Wewe umefika ukiwa na joto. Lakini hapa ndipo ninapolishikilia jambo moja bila mzaha: kundi lisiondoke dakika ile ile wa mwisho anapofika. Ni dhuluma ninayoiona kila mahali, wenye nguvu wanapumzika na mchovu hapumziki kamwe. Aliyefika wa mwisho apewe muda wake kamili, chai yake, picha yake na koti lake la upepo. Kiongozi asiyelilinda hilo ana ramani tu mkononi, na ninyi mwambieni.

Kushuka, vaa kila ulichonacho, hata vidoleni. Funga breki kabla ya kona, ziachie ndani ya kona, tazama unakotaka kwenda. Ukihitaji kujua kwa nini, subiri siku ya Aubisque. Huko, mwaka 1951, Wim van Est, Mholanzi wa kwanza kuvaa jezi ya njano, alitumbukia korongoni siku moja tu baada ya kuipata. Timu yake ilifunganisha matairi ya akiba yakawa kamba, wakamvuta, akatoka mzima. Matairi yakanyooka yasifae tena, na timu ikarudi nyumbani. Gari lenu lina matairi machache zaidi.

Jioni, mezani, kula garbure, mchuzi mzito wa kabichi, maharagwe na nyama. Nyama hiyo kwa kawaida ni ya bata au nguruwe, basi mwenye masharti amweleze mpishi asubuhi, si bakuli likiwa mbele yake. Kabla ya kulala, mtafute dereva wa gari na umshukuru kwa jina. Ndiye aliyebeba mabegi yote, na mara nyingi ndiye asiyetokea katika picha hata moja.

Kuhusu tarehe, chagua mwanzo wa Juni. Majira ya baridi theluji huifunga njia ya Tourmalet, na sanamu kubwa ya Lapize iliyoko kileleni hushushwa bondeni. Njia ikishafunguliwa, siku hizo za Juni, sanamu hurudishwa juu kwa lori, na waendesha baiskeli kwa mamia huisindikiza mlima mzima kwa mwendo wa lori hilo. Weka chumba mapema, Bagnères-de-Bigorre au Campan, na mwambie kiongozi wako kwamba mtapanda nyuma kabisa ya msafara huo.