Namna ya Kuutafuta Mtaa Wako Maktabani Ukianzia Kitandani

Kwanza ondoka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, walau kwa nusu saa. Kundi lile lina kazi yake, na maji yakikatika hakuna anayelishinda kwa kutoa taarifa. Lakini uliza humo barabara fulani iliitwaje enzi za babu: utapata majibu 12, manane ya watu waliohamia mwaka juzi, na moja ni picha ya ua iliyoandikwa "Asubuhi njema". Weka kundi kando, ufungue katalogi ya mtandaoni ya maktaba ya umma.

Sasa sikia siri yake. Katalogi haiulizwi maswali. Haijui "eti babu alikuwa na duka wapi?" Inajua majina tu: la mtungaji, la kitabu, la mada. Ukiimwagia sentensi nzima itakurudishia ukurasa mweupe, nawe utaapa kwamba maktaba haina kitu. Kitu kipo. Umekibishia hodi kwa jina la jirani.

Na Dar es Salaam ni mji wa majina. Tuseme babu alisimulia duka la Acacia Avenue. Barabara hiyo baada ya uhuru iliitwa Independence Avenue, na leo ndiyo Samora. Kitabu kilichochapwa 1955 hakiwezi kumtaja Samora, kwani mwaka huo Samora Machel alikuwa bado kijana wa miaka 22 huko Msumbiji. Barabara ya Nyerere, ile ya kwenda uwanja wa ndege, wazee waliijua kama Pugu Road. Mji wenyewe ulipokuwa kijiji uliitwa Mzizima, na Wajerumani, waliohamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, waliuandika Daressalam, neno moja lisilopumua. Kwa hiyo chukua karatasi, andika kila jina ambalo mahali pako pamewahi kubeba, kisha yajaribu moja baada ya jingine. Ukiandika Tanzania peke yake umejifungia nje ya karibu kila kilichoandikwa kabla ya 1964. Jaribu Tanganyika, halafu Deutsch-Ostafrika.

Ukitafuta Kariakoo usiishie kwenye Kariakoo. Jina hilo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Andika Carrier Corps, na vitabu vya vita vitakupeleka mpaka sokoni unakonunua nyanya. Mimi hapo ndipo ninapoipenda katalogi kuliko vyombo vyote vya kutafutia habari: inakulazimisha kujua kidogo ili upate kingi.

Magazeti nayo yana ukoo. Ukitaka habari za 1958 ukaandika Daily News, utaambulia patupu, kwa sababu jina hilo lilizaliwa 1972. Kabla yake kulikuwa na Tanganyika Standard, tangu 1930. Kwa Kiswahili, tafuta Mambo Leo, lililoanza 1923. Majina ya watu pia yanataka ujanja: Shaaban Robert mjaribu kwa majina yote mawili, kila moja likitangulia kwa zamu yake. Tena katalogi zetu nyingi zimeandika mada kwa Kiingereza, jambo ambalo mimi naliona ni deni letu kwa lugha yetu. Mpaka deni hilo lilipwe, ukikosa kwa "masoko" andika "markets".

Ukipata kitabu kimoja, usikimbie. Tazama namba yake ya rafu. Katika mpangilio wa Dewey, historia ya Tanzania inakaa 967.8 na fasihi ya Kiswahili 896.392. Andika namba hiyo, maana vitabu vya habari moja hukaa ubavu kwa ubavu, na kile unachokihitaji mara nyingi ni jirani wa kile ulichokitafuta.

Kitanda sasa kimemaliza kazi yake. Vaa viatu, nenda Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohammed, jengo ambalo Mwalimu Nyerere alilifungua tarehe 9 Desemba 1967. Fika kaunta na karatasi yako ya majina. "Shikamoo mama. Natafuta habari za Acacia Avenue, miaka ya hamsini. Namba niliyoipata ni hii." Mkutubi aliyeulizwa hivyo huinuka kwenye kiti. Anajua rafu ambazo katalogi haijazifikia, na kama unachotaka ni majalada ya serikali, atakuelekeza Nyaraka za Taifa kule Upanga.

Kuna jambo moja ambalo hakuna jina litakalokusaidia kulipata. Sheria inawataka wachapishaji wawasilishe nakala za vitabu vyao maktabani, lakini kwa vitendo mara nyingi haimfikii aliyetoa kijitabu cha jubilei ya parokia, ratiba ya maulidi ya mtaa, au picha za timu ya mpira ya Ilala na majina ya wachezaji nyuma yake. Vitu hivyo viko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda hicho hicho ulichoanzia. Vitoe, andika mwaka na majina ya waliomo kabla bibi hajayasahau, uvipeleke maktabani ukaulize kama watavipokea.