Jinsi ya Kulala Kifudifudi Kitulo

Usiende Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mwezi Agosti. Utakuta nyasi kavu na baridi ya kukausha midomo, kisha urudi mjini ukidai wenyeji waliopaita Bustani ya Mungu walikudanganya. Maua ya pale yanangoja mvua, Novemba hadi Aprili, na uhondo wenyewe ni Desemba hadi Machi. Ndiyo, utalowa. Ua lililokunywa mvua halipigwi picha na mtu mkavu.

Panda kutoka Chimala. Barabara ya kwenda Matamba ina kona 57, nao watu wanaiita hivyo hivyo, Hamsini na Saba. Kama kona hukuchafua tumbo, kula ukishafika. Juu ni uwanda wa mita 2,600 hivi, kwa hiyo koti si pambo.

Sasa lala kifudifudi. Wengi hupiga picha wamesimama, simu imeinamishwa, wakaambulia doa jekundu majanini na ncha za viatu vyao. Okidi za Kitulo nyingi huota ardhini, basi kamera nayo ishuke ardhini. Goti kwanza, kisha tumbo, na kabla ya tumbo kagua unapolilaza: ukizilalia okidi tatu ili upige picha ya nne, heri ungebaki nyumbani.

Ukiwa chini hapo, tafuta okidi iitwayo Satyrium. Kila kiua chake kina mikia miwili myembamba inayoning'inia nyuma, na humo ndimo nekta inamokaa. Ipige ubavuni, maana ukiipiga usoni tu umeikata mikia. Ukungu ukitanda usinune. Mwanga wake ni laini na matone bado yako kwenye petali. Upepo ukipita, bana pumzi, subiri shina litulie, ndipo ubonyeze.

Usichume hata moja. Usichimbe kabisa. Viazi vya okidi za nyanda hizi vimechimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia, ambako husagwa, vikachanganywa na karanga na kupikwa chikanda. Kiazi kikishang'olewa, mmea umekwisha. Wizi huo ni sababu mojawapo ya Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na mimi naona ilichelewa.

Nenda Februari. Beba nguo za kubadilisha na betri ya pili, ukiiweka mfuko wa ndani wa koti, kwani baridi ya kule humaliza chaji upesi.