Mchwa Hakusoma Mtaala

Katika maandishi, jaribio la shuleni la kuoza kwa karatasi ni jepesi: chukua gazeti, karatasi ya daftari, kipande cha boksi na tishu ya chooni, pima uzito, fukia, subiri wiki kadhaa, fukua, pima tena. Kilichopungua ndicho kilichooza. Aliyebuni utaratibu huu bila shaka ni mtu makini, ila hakuwahi kufukia kitu Rulenge, Ngara, wala Nyakahura, Biharamulo, mvua zikiwa zimekolea. Huku majibu huja kwa namna mbili. Ama shimo ni tupu, ama karatasi inatoka nzito kuliko ilivyoingia, maana imekunywa maji na kujipaka udongo, na mwanafunzi analazimika kuandika kwamba boksi limenenepa kaburini. Kinachofuata kinajulikana: matokeo yanapikwa mpaka yafanane na kitabu. (Tishu ya chooni mara nyingi haifiki hata shimoni; hupata kazi nyingine njiani.)

Dai langu ni kwamba shimo tupu ndilo jibu la kweli kuliko yote, mradi tujue kulisoma. Ngara na Biharamulo ni nchi ya vichuguu, na mchwa wa vichuguu vile vikubwa hamalizi kazi peke yake. Hutafuna karatasi, akaipeleka kwenye bustani ya kuvu aliyoilima ndani, na kuvu hiyo ndiyo inayovunja selulosi na lignini. Mvua zikija, kuvu ileile huchomoza juu ikawa uyoga, nasi tunauchuma kwa furaha. Kwa hiyo notsi za Kidato cha Pili zinaweza kurudi nyumbani zikiwa mboga. Atatokea wa kupinga: huo ni wizi wa sampuli, si kuoza! Nusu ya hoja yake naikubali, kwani karatasi iliyobebwa jana bado haijaoza, imehama tu. Lakini kosa hili la kudhani kilichotoweka kimeoza lina pacha wake ng'ambo. William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona alianza kuchunguza takataka mwaka 1973, na baadaye timu yake ilipochimba madampo ya Marekani ilikuta magazeti ya miongo iliyopita yakisomeka vizuri, kwa kukosa hewa na unyevu. Kule karatasi ilizikwa isioze; huku hutoweka kabla haijaoza. Kuzikwa, kutoweka na kuoza ni mambo matatu, na mizani inajua uzito tu.

Mwingine atasema, basi tia sampuli kwenye kopo. Sawa, ila kopo peke yake litakueleza maisha ya ndani ya kopo. Fukia jozi: moja wazi, nyingine kwenye kopo lililotobolewa matundu ya sindano, maji yapite na mchwa asipite. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo fungu la mchwa. Wala usihangaike na mizani ambayo huenda shule haina. Kausha kilichobaki, pangusa udongo, kitandaze juu ya karatasi ya grafu, hesabu miraba. Kisha ongeza kikombe cha karatasi cha kunywea chai. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, kuitwa karatasi kumekuwa kama kupewa cheti cha tabia njema, lakini vikombe vingi vya namna hii vina utando wa plastiki kwa ndani. Mchwa akishachukua chake, utando huo atauacha hapo shimoni, na huo ndio pekee utakaokubaliana na mizani.