Mhadhara wa Kulishinda Tumbo, Uliotolewa Kitengela na Bingwa Asiye na Mpinzani

Waheshimiwa wazee wa Nyumba Kumi, akina mama wa chama, mafundi, na nyinyi wa boda boda mliojazana mlangoni mkidhani ni harambee: tulieni! Mbele yenu amesimama bingwa wa falsafa ya Kihindu kuanzia Mto Athi hadi Namanga. Shahada sina, kwa kuwa hakuna chuo kilichothubutu kunitahini.

Hoja ya kwanza: falsafa hii si ngeni kwetu. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wa dini mbalimbali, kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, na mwaka 2017 serikali ikawatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Je, Mhindu wa kabila hilo anafundishwa nini kuhusu tumbo? Shusheni mikono, nitajijibu mwenyewe.

Anafundishwa kwamba binadamu ana malengo manne: dharma, yaani wajibu na uadilifu; artha, mali; kama, raha; na moksha, kufunguliwa kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Mali haikukatazwa, bali haikupewa neno la mwisho. Hapa Kitengela tumebobea katika artha. Mtajie mtu uzima wa milele, atakuuliza kama una hatimiliki.

Hoja ya pili: maisha yana hatua. Kwanza mwanafunzi, kisha mwenye nyumba, kisha anayejitenga porini, mwisho mtawa aliyeacha yote. Wamaasai mlio hapa hamhitaji mkalimani. Moran naye hupitia sherehe ya eunoto, akaacha makeke ya ujana. Tena Mhindu na Mmaasai wote wanampenda ng'ombe, ingawa namna mapenzi hayo yanavyoishia si mada ya leo. Mimi kiakili nimefika hatua ya tatu. Kimwili nimekwama, maana pori lililo karibu ni Mbuga ya Nairobi, na simba wa huko hawajasoma maandiko ya Upanishadi.

Hoja ya tatu: Bhagavad Gita inaagiza mtu afanye kazi yake bila kung'ang'ania matunda yake. Fundi wangu wa hapa Kitengela alipopokea malipo ya kwanza akatoweka, nilimsifu kwa utawa. Kumbe aliiacha kazi, akaondoka na matunda.

Sasa kilele. Taittiriya Upanishadi inasimulia habari za Bhrigu, aliyemwomba baba yake, Varuna, amfundishe asili ya vitu vyote. Baba hakumtajia jibu. Alimwambia akajinyime na kutafakari. Kijana akarudi na jibu: ni chakula. Akatumwa tena. Akarudi: ni pumzi. Kisha akili, kisha ufahamu, na mwisho furaha kuu. Mwaona? Chakula kilikuwa ngazi ya chini kabisa! Mimi nimeivuka zamani, jambo ambalo akina mama wa jikoni wanaweza kulithibitisha, kwani sahani yangu ya pili niliila bila hamu yoyote.

Mzee mmoja wa Kajiado ameniuliza: ukame wa 2022 ulimmalizia mifugo, angeuvukaje mwili wakati watoto wanalia njaa? Nikamwambia atafakari. Akajibu kwamba hakupata nafasi, maana wenzake wa rika walikuja na mitamba, kila mmoja akitoa katika kile kidogo kilichombakia. Mzee, hayo ni mambo ya mifugo. Hapa tunazungumzia roho.

Turudi kwenye kitabu. Baada ya Bhrigu kuipata furaha kuu, mtu angetarajia chakula kisahaulike. Lahasha! Kitabu kinaagiza chakula kisidharauliwe, kizidishwe, na mgeni asifukuzwe nyumbani. Wapo wasomi wachanga watakaodai maana yake ni kwamba aliyeshinda njaa yake ndiye huanza kuisikia njaa ya mwenzake. Tafsiri finyu! Kwa utafiti wangu wa kina, maana halisi ni kwamba mgeni ni mimi.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, nitalala kwako. Maji ya kuoga yawe ya bauza, haya ya kisima yana chumvi na roho yangu haiyapendi. Maswali hayatapokelewa, bahasha zitapokelewa.