Wiki ya Sita

Jumapili

Mama amerudi Moshi. Basi lilipaswa kuondoka stendi ya Mbezi saa kumi na mbili alfajiri, likaondoka saa mbili kasorobo. Muda wote huo nilikuwa nyumbani Tabata na simu mkononi, nikiomba lisiondoke kabisa. Liliondoka.

Alikuja kabla sijajifungua. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia mtori na uji wa pilipili manga, na kila alfajiri alimchukua mtoto mikononi mwangu bila kuniuliza, akaenda naye sebuleni ili nilale. Sasa arobaini imeisha, na kwake kuna ng'ombe, migomba na baba. Sina haki ya kumzuia. Usiku wa jana nililia jikoni taratibu ili asisikie, akaja akasimama mlangoni akasema, "Lia tu, mwanangu. Hata mimi nililia." Hilo hakuwahi kuniambia.

Mchana uliwasili ujumbe wa ukoo kutoka upande wa baba mtoto: wifi, shangazi wawili na binamu wa kubeba mizigo. Walileta mchele, sabuni ya unga, beseni na doti ya kanga. Mtoto alizungushwa sebule nzima kwa itifaki, wakubwa kwanza. Pua ilitangazwa kuwa ya babu yake. Shangazi mkubwa akasema mtoto analia sana kwa sababu maziwa yangu ni mepesi, apewe maji kidogo na dawa ya mchango. Nikamjibu kwa heshima kwamba kliniki wamesema maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, hata maji hapana. Sebule ilinyamaza.

Wote walimshika mtoto, wakamwombea dua, wakampa pesa ya nepi. Walikaa hadi magharibi. Chai niliandaa mimi, na vikombe nikaviosha mimi.

Jumatatu usiku

Mtoto alianza kulia jua lilipozama. Nikamnyonyesha, nikambadilisha, nikambeba begani, nikamwogesha. Saa mbili umeme ukakatika na feni ikasimama. Ukarudi saa tano, na yeye alikuwa ndiyo kwanza anapumzika.

Baba mtoto alimtembeza uani akiwa bado na viatu vya kazini. Likizo yake ilikwisha zamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Zake ziliishia kwenye foleni ya malipo hospitalini na kwenye duka la dawa. Kenya, kwa sheria yao ya ajira ya mwaka 2007, baba anapewa wiki 2. Sisi mama anapewa siku 84, na nusu yake ndiyo inaisha wiki hii.

Kuna wakati nilimlaza mtoto katikati ya kitanda, mahali ambapo hawezi kuanguka, nikatoka nje, nikafunga mlango. Nilihitaji kusimama mahali asipolia mtu. Nilivuta pumzi mpaka mikono ikaacha kutetemeka, nikarudi ndani. Alikuwa bado analia, nami niliweza tena kumbeba.

Saa tisa usiku, akiwa ananyonya, nilisoma kwenye simu habari za daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton. Mwaka 1962 alichapisha utafiti kuhusu watoto wachanga 80 wenye afya, ambao mama zao waliandika kila siku walilia kwa muda gani. Kilio kilipanda wiki hadi wiki, kikafika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha kikapungua. Kilizidi jioni. Maziwa yangu hayakuwa na lawama yoyote. Natamani ningekuwa nimeusoma utafiti huo kabla shangazi hajafika.

Jumanne

Leo alilala mchana. Nilikaa pembeni yake, nikaweka kidole chini ya pua yake kuona kama anapumua. Anapumua.

Alipowekwa kifuani kwangu mara ya kwanza, nilingoja furaha ile inayosimuliwa. Nilihisi baridi na kiu. Siku chache baadaye maziwa yalijaa, nikalia kutwa nzima, na nilipoulizwa sababu sikuwa nayo. Mkunga alinieleza kwamba kondo likishatoka, homoni za ujauzito huporomoka ndani ya siku chache tu, na wanawake wengi hulia wakati huo. Alisema kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili. Nilimshukuru sana. Hayo nilistahili kuambiwa nikiwa mjamzito, pamoja na orodha ya pamba, wembe na mipira ya mikono.

Upendo ulikuja. Ulikuja bila kutangazwa, kati ya nepi moja na nyingine, na sasa ni mzito kiasi kwamba unaniogopesha. Nikifikiria pikipiki za barabarani, tumbo linanikaza. Nikifikiria siku nitakayorudi kazini, naacha kufikiria.

Jumatano

Siku ya chanjo. Tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili tuwahi. Daladala ya kwanza ilijaa. Ya pili ilijaa. Nilichukua bajaji kwa nauli ya kula siku nzima, na tulipofika tukakuta mabenchi yamekwisha kujaa akina mama, na kadi zimepangwa mezani kwa mpangilio wa kufika. Nikaweka yangu chini kabisa.

Aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha chanjo hakuwa amefika. Tukaanza na somo la afya, kuhusu usafi wa kitovu. Kitovu cha mwanangu kilidondoka zamani. Nilisikiliza hadi mwisho, maana pembeni yangu alikuwepo msichana aliyejifungua majuzi, na macho yake yalikuwa yamemtoka kwa hofu. Alihitaji somo lile na alilipata.

Watoto wakaanza kulia mmoja baada ya mwingine. Mwanangu alikuwa kimya, lakini mwili wangu haukubagua. Mama anayenyonyesha akisikia mtoto yeyote analia, homoni ya oksitosini inaweza kuyaachia maziwa hata kama mtoto si wake. Gauni lililowa lote mbele. Nilijifunika kanga na kusogea mbele nafasi moja.

Saa tano tulifika kwenye mizani. Ni ile ya kuning'inia, mtoto anavalishwa kikaptura cha kitambaa kisha anaachwa hewani. Alipiga mateke, mshale ukacheza, muuguzi akasubiri utulie. Akaandika nukta kwenye mstari wa kadi. Ilikuwa inapanda vizuri, na nilitamani kuikata ile karatasi nimpelekee shangazi. "Anakua vizuri," muuguzi alisema. Hakuinua macho, na foleni iliyokuwa nyuma yangu ilitosha kueleza kwa nini.

Kisha tukakaa foleni ya chumba cha chanjo, maana ufunguo ulikuwa umepatikana. Wiki ya sita ni matone ya polio, matone ya rota, na sindano mbili, moja kila paja. Moja ni ya kuzuia nimonia. Nyingine hubeba kinga tano kwa pamoja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na bakteria anayeleta homa ya uti wa mgongo. Bibi yangu alizika watoto wawili kwa kifaduro, kwa hiyo foleni hii siilalamikii kwa moyo wangu wote. Ningeikaa hata ingekuwa ya siku mbili.

Hapo ndipo mama mmoja wa makamo, aliyekuja na mtoto wake wa nne, alinigeukia. Alinitazama usoni, mtoto hakumtazama. Akaniuliza, "Mdogo wangu, umekula?"

Nilifungua mdomo kujibu, nikalia. Nililia mbele ya benchi zima, na sikuweza kuacha. Yule mama hakushtuka. Alimchukua mwanangu kwa mkono mmoja huku wa kwake akiwa mgongoni, akatoa kitumbua kwenye mfuko, akaniambia nile kwanza. Nilikula. Akaniuliza ninalala saa ngapi, nani ananisaidia, mama yangu yuko wapi. Hakunipa ushauri. Alinisikiliza hadi jina langu likaitwa, yaani jina la mtoto.

Sindano zilichukua muda mfupi kuliko kufungua vifungo vya nguo. Muuguzi akaandika tarehe ya kurudi, wiki ya kumi. Mimi niliulizwa swali moja, kama nimeamua njia ya uzazi wa mpango. Nilisema bado. Akaita kadi inayofuata.

Alhamisi

Mapaja yamevimba kidogo na mtoto ana joto. Waliniambia itakuwa hivyo. Tulikesha.

Nilisoma tena usiku. Mwaka 1987 wataalamu watatu, John Cox, Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, walitoa dodoso la maswali 10 la kupima kama mama aliyejifungua ana sonona. Linaitwa kwa jina la mji wa Edinburgh. Linauliza kuhusu siku 7 zilizopita: kama bado unaweza kucheka, kama unajilaumu bila sababu, kama una hofu, kama huzuni inakunyima usingizi, na swali la mwisho ni kama umewahi kufikiria kujidhuru. Lipo kwa Kiswahili. Mtu hulijaza kwa dakika tano. Jana nilikaa kwenye lile benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Shirika la Afya Duniani linasema wanawake 13 kati ya 100 waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Mwaka 2022 shirika hilo lilipendekeza mama wapimwe sonona na wasiwasi baada ya kujifungua, kwa dodoso lililothibitishwa. Nililifikiria benchi letu. Kwa hesabu hiyo, katika kila akina mama watano tuliobanana pale, mmoja huenda alikuwa anazama, na wote tuliondoka tumeandikiwa uzito wa watoto.

Nilijibu maswali yote 10 kwa ukweli. Alama zangu hazikufika pale pa kutafuta daktari haraka, lakini hazikuwa mbali. Nimeyanakili kwenye karatasi na kuiweka ndani ya kadi ya kliniki.

Ijumaa

Nilimwonyesha baba mtoto ile karatasi. Alisoma kimya, akarudia swali la mwisho, akaniuliza kama hilo lipo. Nikamwambia hapana. Akakaa chini.

Alisema alidhani nikinyamaza ndiyo nimepumzika. Nikamweleza habari za uani, mlango uliofungwa na mikono iliyotetemeka. Hakunikatiza. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri katika nyumba hii tangu Jumapili: "Nifanye nini?"

Nikamwambia nataka kulala. Alimfunga mtoto kwa kanga, akamtembeza kuanzia saa moja jioni. Mtoto alilia naye sana. Majirani walitoka kutoa maoni, akawajibu mwenyewe. Nililala hadi saa nne usiku bila kuota chochote. Maji yalikuwa yamekatika na vyombo vilikuwa bado mezani. Sikujali.

Jumamosi

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nambadilisha nepi kwa taa ya simu. Aliacha kurusha miguu. Akanitazama, akaendelea kunitazama, kisha akatabasamu.

Watoto wachanga hutabasamu usingizini tangu siku za kwanza, na wakubwa husema anacheka na malaika. Hili lilikuwa jingine. Lilianzia machoni, na lilikuwa langu. Nikamsemesha, akatabasamu tena. Vitabu vinasema huanza karibu na wiki hii hii ya kilio kikubwa. Nililia kwa mara nyingine, ila hicho hakikuwa kilio cha Jumatano.

Nilimwamsha baba yake. Alisema ni gesi. Saa mbili asubuhi naye akatabasamiwa, akapiga simu kazini kusema atachelewa. Mama alipopiga kutoka Moshi nilimwambia yote, pamoja na ile karatasi. Amesema atarudi mwezi ujao, ng'ombe wataangaliwa.

Nitarudi kliniki wiki ya kumi, na nitampa muuguzi ile karatasi kabla sijavua nguo za mtoto. Nyinyi mnaosimamia kliniki za watoto, pigeni chapa maswali hayo 10 muwape akina mama wajaze wakiwa foleni, muda wa kujaza tunao. Na wewe unayekwenda kesho kumwona mzazi, beba sabuni yako na mchele wako, kisha uliza kama amekula, mpokee mtoto, umwambie akalale.