Siha ya Mzazi na Fatwa za Mtaa

Mwili wa mwanamke, muda wote wa usichana wake, ni mali yake na siri yake. Akiolewa hupata mshirika mmoja katika mali hiyo. Lakini akijifungua tu, mwili ule huwa wakfu, na kila apitaye barazani huwa na haki ya kuutazama, kuupima kwa macho na kuutolea fatwa. Nilipokuwa mwari hapana aliyeniuliza habari za tumbo langu, wala hapana aliyejishughulisha nalo nilipokuwa karani wa kawaida alaye wali wake mchana. Ila tangu kuzaliwa kwa binti yangu, hapa Tanga, katika mitaa ya Ngamiani, tumbo hilo limepata wasemaji wengi kuliko bunge.

Fatwa ya kwanza ilitoka kwa mama mkwe, aliyewasili kutoka Pangani na mzigo wa pilipili manga, mdalasini, tangawizi na kitambaa kirefu cha mkaja, ambacho wazee wetu wa pwani humfunga mzazi kiunoni ili tumbo lirejee lilikotoka. "Mwanangu," aliniambia kwa upole, huku amenikaza goti mgongoni, "pumua kidogo kidogo, pumzi nyingi hurudisha tumbo nje." Nikapumua kidogo kidogo. Sikuweza kuinama, sikuweza kuketi ila kwa kuketishwa, wala sikuweza kucheka. Na wageni walioniletea sabuni na doti za kanga wakaondoka wakisifu haya yangu na utulivu wangu, ilhali lau mkaja ule ungalilegezwa kidogo wangalisikia maneno. Si haki, hata hivyo, kumcheka bibi yule. Hospitali nazo huwafunga mikanda baadhi ya wazazi waliopasuliwa. Na mji wa mimba wenyewe, ambao siku ya kujifungua hukaribia uzito wa kilo 1, husinyaa kwa muda wa wiki 6 hivi hata ukawa chini ya gramu 100, umefungwa au haukufungwa. Basi mama mkwe alipoona tumbo limepungua aliushukuru mkaja wake, nami sikuwa na pumzi ya kubishana.

Chakula nacho kilikuwa na sharia zake. Supu ya kuku asubuhi, uji wa pilipili manga saa nne, mchuzi wa pweza adhuhuri, na usiku chochote ambacho mchana kilikosa nafasi. Wataalamu wa lishe husema kwamba mwenye kunyonyesha huhitaji kiasi cha kalori 500 zaidi kwa siku. Mama mkwe hakuwa na habari ya kalori, ila alikuwa na habari ya sinia, na kwa hesabu yangu alinilisha kwa ajili ya pacha ambao sikuwazaa.

Arobaini ilipotimia nilikwenda kliniki, na huko muuguzi, binti mdogo mwenye sauti ya hakimu, akatengua nusu ya fatwa za nyumbani na kuleta zake. Alisema kwamba mzazi asiye na dosari ya kiafya yapasa autie mwili katika harakati, na kwamba Shirika la Afya Duniani limependekeza dakika 150 kwa juma. Lakini asifanye pupa, maana kano za nyonga zilizolegezwa na homoni za mimba huchukua miezi kukaza tena. Baiskeli, ambayo Tanga ni kipando cha bibi na bwana sawasawa, nilinyimwa kwa sababu ambazo kila aliyeshonwa nyuzi atazifahamu pasipo kuelezwa. Ikabaki miguu.

Alfajiri moja, mtoto akiwa mikononi mwa bibi yake, nilivaa raba chini ya baibui nikatoka kwa mwendo wa kasi, azma yangu ikiwa kuzikata barabara za Ngamiani, zile ziitwazo kwa nambari, moja baada ya moja mpaka pumzi iniishie. Aliyezipanga barabara zile alikuwa mtu wa hesabu, lakini hakuzihesabu baraza. Mtu hawezi kumpita mzee aliyeketi barazani pasipo kumpa shikamoo, wala hawezi kupokea marahaba akaenda zake pasipo kujibu habari za mtoto, za mama mkwe na za usiku. Nami kila niliposimama jasho lilikauka, na kila lilipokauka alitoka mama mmoja ndani na kikombe cha chai ya tangawizi na sahani ya vitumbua, kwa hoja kwamba mzazi hapiti mlango wa watu na njaa. Kukataa ni dharau. Nilirudi nyumbani nimeshiba.

Hilo lingalikuwa dogo. Kubwa ni kwamba Ngamiani mwanamke hatoki mbio alfajiri bila ya sababu, na sababu isipotajwa hutungwa. Katika barabara ya kwanza walisema nawahi dawa ya mtoto. Katika ya pili walisema nimegombana na mume. Mbele kidogo nilikuwa nimekwisha kupewa talaka, na waliobaki walikuwa wakishauriana juu ya nani atalea. Adhuhuri haijaadhiniwa, mjomba wangu alikwisha kushuka kutoka Muheza, kanzu yake imefinyangwa na daladala, mkononi kikapu cha machungwa. Akaketi ukumbini, akaomba maji, akaomba na mume wangu aitwe kutoka kazini.

Mjomba ni mtu wa taadhima ambaye maneno yake hayakatizwi. Alianza kwa kumhimidi Mola, akapita katika haki za mke juu ya mume, akazirejea haki za mume juu ya mke, kisha akatoa mifano ya ndoa zilizovunjika huko Muheza kwa hasira ya asubuhi moja. Na mume wangu, ambaye tangu kuamka hakuwa amenitamkia neno ila la heri, aliinamisha kichwa kwa adabu, na mwishowe akaomba radhi. "Nimekosa, Mjomba," alisema. "Halitarudi tena." Nilipofungua kinywa kueleza kwamba nilikuwa nafanya mazoezi, mjomba aliniinulia mkono. "Mwanangu, mwenzio amekwisha kukiri. Usichimbue." Suluhu ikafungwa kwa fatiha, tukala machungwa, na hata leo sijui mume wangu alikiri kosa gani, ila wepesi aliokiri nao umenitia mashaka.

Muuguzi alikuwa amenipa na zoezi jingine, la siri, ambalo daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika habari zake mwaka 1948: mwanamke huikaza misuli ya chini ya nyonga, ile izuiayo mkojo, akaishika kwa muda, akailegeza, akarudia. Manufaa yake ni makubwa, hasa kwa mzazi ambaye chafya moja humpeleka kutafuta kanga nyingine; na sifa yake bora, alisema muuguzi, ni kwamba laweza kufanywa popote pasipo mtu yeyote kutambua. Muuguzi hakuujua uso wangu. Uso wangu hushiriki. Likizo ya uzazi ilipokwisha, nilijaribu zoezi lile katika kikao cha ofisi, wakati mkuu wetu anasoma pendekezo la kupunguza posho za safari. Akainua macho, akaona taya zilizokazwa na nyusi zilizokutana, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ikiwa jambo hili lina upinzani mkali kiasi hicho, basi na liahirishwe. Wenzangu walinipa mkono mlangoni kwa ushujaa wangu. Posho zingalipo, wala hapana ajuaye ni misuli gani iliyozishikilia.

Mazoezi ya mkekani sitayaeleza kwa urefu. Mtoto alalaye fofofo mama yake anapoosha vyombo, anapopiga pasi na anapobishana na muuza samaki dirishani, huamka saa ile ile mgongo wa mama unapogusa mkeka. Na sina shaka kwamba hii ni elimu wazaliwayo nayo.

Lakini nililolitambua, baada ya fatwa zote hizi, ni kwamba mimi sikupungukiwa na ushauri, wala uji, wala azma. Nilipungukiwa na mikono. Watu huisifu arobaini kwa mafusho ya udi na kukandwa kwa maji ya moto, mambo ambayo waganga wa leo wana maneno yao juu yake. Mimi naisifu kwa sababu katika siku zile palikuwa na bibi mmoja wa kumpakata mtoto, shangazi wa kupika, na binti wa jirani wa kufua nepi, nami niliweza kulala usingizi kamili na kuoga bila ya kukimbia. Mama mkwe alipopanda gari kurejea Pangani, siha yangu ilipanda pamoja naye. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 imempa mzazi wa Tanzania likizo ya siku 84 yenye malipo, na akirudi kazini imempa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha; kwa hayo naishukuru. Lakini likizo si mikono. Mwenye kumnyonyesha mtoto usiku, akaenda kazini asubuhi, akarudi kupika jioni, hana haja ya kuambiwa kwamba amenenepa au amekonda; mizani anayo, na macho anayo.

Kwa hiyo, ewe msomaji, ukienda kumtazama mzazi, sabuni mpelekee na kanga mpelekee, ila tumbo lake usiliulize. Mpokee mtoto kwa nusu saa, umwambie mama yake akatembee. Naye ukimwona anakuja kwa kasi katika barabara yenu, mwitikie marahaba, vitumbua virudishe ndani, na tafadhali sana, usimpigie simu mjomba wake.