Fadhila za Seva ya Sebuleni

Immich ni programu huria ya kutunzia picha na video kwenye kompyuta ya mwenye picha mwenyewe. Ilianza 2022, mwaka mmoja baada ya Google Photos kuondoa hifadhi ya bure isiyo na kikomo na kubakiza GB 15. Immich haitozi kitu. Kinachobaki ni vijisenti vya kompyuta isiyozimwa, diski mbili, betri ya kuivusha umeme ukikatika, na usingizi wa baba mwenye nyumba.

Kuisimika ni kazi nyepesi. Huhitajika Docker, PostgreSQL na Redis tu, vyombo ambavyo kila anayetaka kutazama picha za harusi ya binamu huwa navyo. Baada ya hapo programu huanza kutambua nyuso. Mashangazi wawili wanaofanana huweza kuunganishwa kuwa mmoja, na ukoo ukapungua bila msiba.

Kwa miaka ya mwanzo, watengenezaji wake walionya kwamba isitegemewe kuwa mahali pekee pa kuwekea picha. Uungwana wa namna hii benki hazijaufikia: hakuna inayomshauri mteja aweke nakala ya fedha zake chini ya godoro. Kanuni inayopendekezwa ni ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja nje ya nyumba. Hiyo ya nje mara nyingi hupangishwa kwa kampuni kubwa, kwa malipo ya kila mwezi, na hapo uhuru hukamilika.

Nywila anaijua baba peke yake. Wengine nyumbani hutumiana picha kwa WhatsApp.